Programu za Kuhakiki Ubora wa Tafsiri Mbele ya Sarufi ya Kiswahili

IKISIRI

Makala haya yanachunguza matumizi ya programu za kompyuta zinazohakiki ubora wa mafaili yaliyotafsiriwa, hasa tafsiri za kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili. Yanaonyesha kwamba programu hizo ni hodari katika kubaini makosa ya kimakanika, lakini hupiga kengele za uongo pale sarufi na desturi za Kiswahili zinapotofautiana na zile za lugha chanzi, na hunyamaza kimya mbele ya baadhi ya makosa yaliyo mabaya kuliko yote. Hoja kuu ni kwamba mfasiri hapaswi kuirekebisha tafsiri ili kuiridhisha programu. Apaswalo kufanya ni kuirekebisha kanuni ya programu ili ifuate lugha, na kuitumia programu kama mkusanyaji wa ushahidi, si kama hakimu.

1.0 Utangulizi

Kwa miaka mingi uhakiki wa tafsiri ulikuwa kazi ya macho na kalamu. Mhakiki aliweka matini chanzi upande mmoja wa meza na matini lengwa upande wa pili, akasoma sentensi kwa sentensi. Utaratibu huo ulifaa kwa riwaya, hotuba na vitabu vya shule. Haukufaa tena pale matini yenyewe ilipobadilika umbo. Programu ya kompyuta, kwa mfano, si matini yenye mtiririko. Ni maelfu ya vipande vifupi: majina ya vitufe, maonyo, na majibu ya maswali ambayo mtumiaji bado hajauliza. Wale walioshiriki katika mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kuzaa Jambo OpenOffice mwaka 2004, walikabiliana na matini ya aina hiyo. Leo hali hiyo imeenea hadi kwenye fomu za serikali, vikaratasi vya dawa, mikataba ya benki na miongozo ya mitambo.

Katika mazingira hayo zimestawi programu mahsusi za kuhakiki. Baadhi zinafahamika sana kwa wafasiri wa kulipwa, kama vile Xbench ya kampuni ya ApSIC ya Barcelona, na Verifika. Nyingine ni huria, kama vile CheckMate, iliyo sehemu ya mkusanyiko wa Okapi, na pofilter, iliyo katika kifurushi cha Translate Toolkit. Kifurushi hicho kina asili yake katika bara letu: kilianzia katika shirika la Translate.org.za la Afrika ya Kusini, lililojishughulisha na kutafsiri programu huria kwa lugha za nchi hiyo.

Swali linalozuka ni hili: kanuni zilizomo katika programu hizi zinachukulia nini kuhusu lugha, na machukulio hayo yanasimama au yanaanguka mbele ya Kiswahili? Swali hili si la nadharia tupu. Katika baadhi ya mikataba ya tafsiri, mfasiri hutakiwa kuwasilisha kazi pamoja na ripoti ya programu, na ripoti yenye kengele nyingi huhesabiwa kuwa dalili ya kazi mbovu. Mfasiri wa Kiswahili hujikuta basi akishawishika kuharibu Kiswahili ili ripoti ipendeze.

2.0 Namna Programu Hizi Zinavyofanya Kazi

Programu ya kuhakiki haisomi matini kama binadamu asomavyo. Hupokea faili la lugha mbili ambamo kila kipande cha matini chanzi kimefungamanishwa na tafsiri yake. Mafaili hayo huwa katika miundo sanifu, kama vile XLIFF, ambao toleo lake la 1.2 liliidhinishwa na shirika la OASIS mwaka 2008 na toleo la 2.0 mwaka 2014, au TMX, unaotumika kuhifadhi na kubadilishana kumbukumbu za tafsiri. Kisha programu hulinganisha vipande hivyo viwili herufi kwa herufi, kwa kanuni zilizotungwa kabla.

Kanuni za kawaida ni chache na zinafanana katika programu nyingi. Programu huuliza: Je, kuna kipande ambacho hakikutafsiriwa? Je, tarakimu zilizomo katika chanzi zimo pia katika tafsiri? Je, alama za mpangilio, anwani za intaneti na alama zinazoshika nafasi ya jina au idadi, kama vile %s na %d, zimehifadhiwa? Je, kuna neno lililoandikwa mara mbili mfululizo, au nafasi mbili mahali pa moja? Je, sentensi moja ya chanzi imetafsiriwa kwa namna mbili tofauti, au sentensi mbili tofauti zimepewa tafsiri moja? Na je, istilahi zilizokubaliwa zimetumika?

Ni dhahiri kwamba hakuna hata moja kati ya kanuni hizo inayouliza kama tafsiri ina maana sahihi. Zote zinauliza kama maumbo ya juu yanalingana. Hii ndiyo nguvu ya programu hizi, na ndiyo mipaka yake.

3.0 Pale Programu Zinapostahili Sifa

Haifai kuanza kwa kulaumu. Kuna makosa ambayo jicho la binadamu huyapita na mashine haiyapiti. Mhakiki aliyechoka anaweza kusoma 250 mahali palipoandikwa 520 asione tofauti; programu haichoki. Mfasiri anaweza kusahau kipande kimoja kati ya elfu tatu. Programu hukikuta kwa sekunde moja.

Uzito wa jambo hili unaonekana katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010 kuhusu vibandiko vya dawa vya Kihispania vilivyotolewa na programu za kompyuta zinazotumika katika maduka ya dawa ya Bronx, New York. Kati ya vibandiko 76 vilivyochunguzwa, 32 vilikuwa na tafsiri isiyokamilika, na vingine 6 vilikuwa na makosa ya tahajia au ya sarufi. Yaani nusu nzima ilikuwa na kasoro. Hatari ya neno lisilotafsiriwa huonekana wazi tukikumbuka kwamba neno la Kiingereza lenye maana ya ‘mara moja’ huandikwa ‘once’, na kwamba katika Kihispania herufi hizo hizo husomwa ‘kumi na moja’. Kanuni rahisi ya kutafuta mabaki ya lugha chanzi ingeweza kuyaibua mengi ya mabaki hayo kabla kibandiko hakijabandikwa kwenye chupa.

Kadhalika tarakimu zina mtego ambao programu ikiandaliwa vizuri huufichua. Kwa mujibu wa data za lugha na maeneo zinazotunzwa na Unicode Consortium, Kiswahili cha Tanzania na Kenya hutenga maelfu kwa mkato na desimali kwa nukta, ilhali Kiswahili cha Kongo hufanya kinyume chake. Kwa hiyo 1,500 ni elfu moja na mia tano kwa msomaji wa Morogoro, na kwa msomaji wa Lubumbashi aliyezoea desturi hiyo nyingine inaweza kuwa moja na nusu. Faili linalotumwa pande zote mbili bila uhakiki wa jambo hili ni faili la hatari.

4.0 Kengele za Uongo

Tuje sasa kwenye mahali ambapo programu hulaumu kisicho na lawama. Mifano itakayotumika katika sehemu hii na ifuatayo imetungwa na mwandishi kwa ajili ya ufafanuzi. Mingi inahusu maelezo ya dawa, kwa sababu huko ndiko gharama ya kosa huonekana bila kuhitaji maelezo marefu.

4.1 Saa

Tuseme matini chanzi ya Kiingereza inamwagiza mgonjwa ameze dawa saa 8:00 AM na 8:00 PM. Tafsiri sahihi ni ‘saa 2 asubuhi na saa 2 usiku’. Programu hulinganisha tarakimu, huikosa 8, huiona 2, na hupiga kengele: tarakimu hazilingani. Kwa programu, hili ni kosa la daraja la juu kabisa.

Tuchukue kwamba mfasiri anatii, akaandika ‘saa 8 asubuhi na saa 8 usiku’. Kengele inanyamaza na ripoti inakuwa safi. Lakini msomaji wa Kiswahili afanye nini? Saa 8 asubuhi haipo katika hesabu yake ya kawaida, hivyo huenda akakisia kwamba aliyeandika alifuata saa ya Kizungu, akameza dawa saa 2. Saa 8 usiku, hata hivyo, ipo: ni usiku wa manane. Akifuata maandishi, kati ya dozi ya kwanza na ya pili zitapita saa 18 badala ya 12, na kati ya ya pili na ya kesho yake asubuhi zitapita saa 6 tu. Ripoti safi imezaa matumizi mabaya ya dawa.

Wapo wanaopendekeza kanuni ya tarakimu izimwe kabisa kwa Kiswahili. Pendekezo hilo halifai, maana litaiachia njia tarakimu yoyote iliyokosewa kweli. Njia bora ni kuifundisha programu hesabu ya saa ya Kiswahili. Hesabu yenyewe ni fupi: namba za saa hukaa katika jozi sita, yaani 1 na 7, 2 na 8, 3 na 9, 4 na 10, 5 na 11, 6 na 12. Saa za mfumo wa 24 zinazozidi 12 hupunguzwa 12 kwanza. Programu zinazomruhusu mtumiaji kutunga ruwaza zake zinaweza kupewa jozi hizo, ili palipo 8:00 zitafute ‘saa 2’. Kanuni hiyo itaipitisha ‘saa 2’ kimya na kuikamata ‘saa 3’, jambo ambalo kanuni ya awali haikuweza kulifanya, kwa kuwa iliziona zote mbili kuwa makosa sawa.

4.2 Uradidi

Kanuni ya neno lililorudiwa ilitungwa kwa lugha ambamo kurudia neno mara mbili mfululizo kwa kawaida ni kuteleza kwa kidole. Katika Kiswahili uradidi ni sehemu ya sarufi. Hueleza mgawanyo, msisitizo au mfululizo. Tulinganishe:

(a) Wape watoto vidonge viwili viwili.
(b) Wape watoto vidonge viwili.

Sentensi (a) inasema kila mtoto apewe vidonge viwili. Sentensi (b) inaweza kueleweka kwamba vidonge ni viwili tu, wagawane. Programu huilalamikia (a) na kuipitisha (b). Mhariri asiyejua Kiswahili, ambaye katika ofisi nyingi za nje ndiye anayeiendesha programu, huweza kufuta neno moja kwa nia njema kabisa, akidhani anasafisha. Ni vyema basi mfasiri aandae orodha ya radidi zinazotarajiwa katika kazi husika, hasa za idadi kama ‘moja moja’, ‘kimoja kimoja’ na ‘viwili viwili’, na aiambatishe kwenye faili pamoja na maelezo.

4.3 Ngeli na madai ya uthabiti

Kanuni ya uthabiti hudai kwamba kipande kimoja cha chanzi kiwe na tafsiri moja. Katika fomu ya Kiingereza, neno moja lenye maana ya kukubaliwa hutokea chini ya safu nyingi bila kubadilika. Katika Kiswahili, upatanisho wa kisarufi hautoi nafasi hiyo: ombi limekubaliwa, cheti kimekubaliwa, fomu imekubaliwa, majina yamekubaliwa. Programu itaripoti tafsiri nne za neno moja na kuziita ukosefu wa uthabiti. Mfasiri akizifanya zote ‘imekubaliwa’, atapata sifa ya uthabiti na lawama ya kila msomaji.

Kwa upande wa pili, programu hulalamika pia pale vipande viwili tofauti vya chanzi vinapopata tafsiri moja. Kiingereza hutofautisha nafsi ya tatu ya kike na ya kiume. Kiswahili husema ‘anaumwa’ kwa wote. Hapo hakuna kosa.

Tatizo la ngeli lina sura nyingine pale alama kama %s inaposhika nafasi ya jina lisilojulikana. ‘%s imefutwa’ ni sentensi inayosubiri bahati: itakuwa sahihi au mbovu kutegemea jina litakaloingia. Dawa yake ni kuweka jina la jumla litakalotawala upatanisho, kama vile ‘Faili %s limefutwa’. Programu haitalisema hili, kwa sababu kwake alama imehifadhiwa na hesabu imekamilika. Palipo na muundo wa gettext, waandaaji wa programu wanaweza pia kuambatisha muktadha kwa kila kipande, ili neno moja la chanzi liruhusiwe kuwa na tafsiri kadhaa. Mfasiri hana budi kulidai jambo hilo mapema, kabla kazi haijaanza.

4.4 Istilahi

Orodha ya istilahi huwa na umbo moja la neno, tuseme ‘kidonge’. Tafsiri ikiwa na ‘vidonge’, programu inayotafuta herufi kwa herufi husema istilahi haikutumika. Baadhi ya programu hujaribu kuwa na busara kwa kulinganisha mwanzo wa neno na kuusamehe mwisho wake. Busara hiyo ilitokana na lugha zinazobadilisha maneno mwishoni. Majina ya Kiswahili hubadilika zaidi mwanzoni, kwa hiyo msamaha unatolewa mahali ambapo mara nyingi hauhitajiki na unanyimwa mahali unapohitajika.

Ruwaza husaidia: (ki|vi)donge hukamata umoja na wingi, na (m|wa)gonjwa vivyo hivyo. Palipo na mabadiliko makubwa zaidi, kama jicho na macho, jino na meno, ulimi na ndimi, wakati na nyakati, ni salama kuorodhesha maumbo yote mawili. Vitenzi ni vigumu zaidi. Mzizi -mez- huonekana katika ‘umeze’, ‘asimeze’, ‘imezwe’ na ‘wamemeza’. Ruwaza inayoukamata mzizi huo kila mahali itakamata pia ‘meza’ ya kuandikia. Hapa mfasiri hupima: katika kikaratasi cha dawa meza ya mbao haitarajiwi, na ruwaza pana inafaa, katika mwongozo wa samani za hospitali haifai.

5.0 Makosa Yasiyopigiwa Kengele

Kengele za uongo huchosha, lakini angalau husikika. Makosa yanayopita kimya ndiyo ya kuogopwa zaidi, na katika Kiswahili kuna makundi matatu yanayostahili kutajwa.

Kundi la kwanza ni ukanushi. Kati ya ‘umeze kabla ya kula’ na ‘usimeze kabla ya kula’ kuna silabi moja tu. Tarakimu zinalingana, istilahi zimo, nukta ipo mahali pake, na tahajia haina dosari. Programu hairipoti chochote. Mtu anaweza kufikiri kwamba inatosha kutunga kanuni: pakiwa na neno la kukanusha katika chanzi, atafutwe mwanzo wa usi-, msi-, asi- au wasi- katika tafsiri. Lakini kanuni hiyo itadanganywa na ‘msingi’, ‘asili’, ‘wasichana’ na ‘wasiwasi’, ambayo yote huanza kwa herufi hizo bila kukanusha lolote, na itazikosa njia nyingine za kukanusha, kama vile ‘bila’, ‘ni marufuku’ au ‘hapaswi’.

Kundi la pili ni utata wa maana. ‘Mara moja’ ni idadi, na pia ni ‘papo hapo’. Agizo ‘Meza dawa hii mara moja’ lina maana mbili, na mgonjwa huchagua mojawapo. Tafsiri inayosema ‘mara moja tu kwa siku’ au ‘papo hapo’ huondoa utata, lakini hakuna kanuni ya kulinganisha maumbo inayoweza kumdai mfasiri aondoe utata ambao hauonekani katika maumbo.

Kundi la tatu ni maneno halisi yaliyokaa pasipo pake. Kikagua tahajia huuliza kama neno limo katika kamusi, hakiulizi kama limo mahali pake. Mkanganyiko wa /r/ na /l/ huzalisha ‘kura’ badala ya ‘kula’ na ‘mahari’ badala ya ‘mahali’. Yote manne yamo katika kamusi, na yote manne hupita.

Kuna sababu ya kulitilia mkazo jambo hili leo. Tafsiri nyingi sasa huanza kama zao la mashine, kisha binadamu huzirekebisha. Zao hilo kwa kawaida halina nafasi mbili, wala neno lililosahaulika, wala nukta iliyopotea. Makosa yake hujificha katika maana. Kwa maneno mengine, makosa yanayopungua ni yale ambayo programu za kuhakiki zinayaweza, na yanayobaki ni yale ambayo haziyawezi.

6.0 Utaratibu Unaopendekezwa

Kutokana na mjadala huu, tunapendekeza utaratibu wenye hatua nne.

Kwanza, kabla ya kutafsiri, mfasiri na mteja waafikiane kwa maandishi kuhusu hesabu ya saa, uandishi wa tarakimu kulingana na nchi ya wasomaji, na istilahi pamoja na maumbo yake yote.

Pili, kanuni za kimakanika ziendeshwe mapema na mara kwa mara, wala zisingojwe mwisho wa kazi, ili makosa ya vipande vilivyosahauliwa, alama na tarakimu yaondoke kabla mhakiki hajaanza kusoma.

Tatu, kila kengele inayokataliwa ikataliwe kwa sababu iliyoandikwa: ‘saa ya Kiswahili’, ‘uradidi wa mgawanyo’, ‘upatanisho wa ngeli’. Sababu hizo zikikusanywa katika kazi kadhaa huwa msingi wa kutunga kanuni mpya. Pia humlinda mfasiri mbele ya mteja anayehesabu kengele bila kuzisikiliza.

Nne, pale programu isipoweza kuhukumu, ipewe kazi ya kukusanya. Haiwezi kujua kama ukanushi umetafsiriwa sawasawa, lakini inaweza kuorodhesha sentensi zote za chanzi zenye neno la kukanusha, zote zenye saa, na zote zenye kipimo cha dawa. Katika faili la vipande 3,000 sentensi hizo huenda zikawa sehemu ndogo tu, na mtu wa pili anaweza kuzisoma zote kwa utulivu. Ikumbukwe kwamba kiwango cha ISO 17100 cha mwaka 2015 kinadai tafsiri ipitiwe na mtu wa pili asiyekuwa mfasiri mwenyewe. Ripoti ya programu haichukui nafasi ya mtu huyo.

7.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba programu za kuhakiki tafsiri zina machukulio ya kiisimu ndani yake, hata pale zinapojitangaza kuwa zinafaa kwa lugha zote. Zinachukulia kwamba tarakimu haibadiliki, kwamba neno linalorudiwa limekosewa, kwamba neno moja lina tafsiri moja, na kwamba neno hubadilika mwishoni. Kiswahili hukiuka kila mojawapo ya machukulio hayo, kwa sababu za kisarufi na za kidesturi zinazofahamika vyema na wanaisimu wetu.

Hapo ndipo ulipo wajibu wa idara zetu. Kazi ya kutunga orodha za maumbo ya majina, ruwaza za vitenzi, jozi za saa na orodha za radidi haihitaji mitambo ya gharama kubwa; inahitaji watu wanaoijua sarufi na walio tayari kuiandika kwa namna ambayo mashine inaweza kuitumia. Ni kazi inayoweza kufanywa na wanafunzi wa shahada ya uzamili kama sehemu ya mafunzo yao ya tafsiri, na matokeo yake yakatolewa bure kwa wafasiri wote. Tusipoifanya, kanuni za lugha nyingine zitaendelea kutuhakikia Kiswahili chetu, na mgonjwa ataendelea kuamka saa 8 usiku kumeza dawa aliyopaswa kuimeza saa 2.